Kamera Iliyoona Uani kwa Bi Batul

Mgeni rasmi, Diwani wetu Bi Samiha, na wazee wetu mlioko hapa, shikamooni, na asalaam alaykum. Mimi ni Badru, katibu wa Kamati ya Ulinzi ya Mtaa wa Kisimani. Wenzangu wamenituma nisome kwa niaba yao, na wameniusia nisome polepole, nisiruke kitu.

KARIBU

Karibu Usagara, Mheshimiwa. Tulikualika uje kuzindua kamera yetu ya ulinzi. Kwa haraka zetu, mwaliko tuliutoa kabla hata picha haijaonekana. Tunasikitika kukwambia kwamba leo hakuna cha kuzindua. Kukuzuia usije tuliona ni utovu wa adabu, basi tukasema uje tu, tukueleze mbele ya watu.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, miaka ile ya foleni mtaa huu haukuwa na mlinzi. Mwizi angeiba nini? Rafu za duka la Bwana Zainuddin zilikuwa na chumvi na viberiti, basi. Sabuni ikipatikana, aliukata mche vipande vipande ili kila nyumba ipate, na mkewe Bi Batul ndiye aliyewagawia wanawake pale uani kwake. Hatujasahau.

Biashara ilipofunguliwa, mali zikamiminika kutoka mpakani Horohoro: redio, baiskeli, televisheni. Na wezi nao, wallahi, hawakubaki nyuma. Bwana Zainuddin akaenda Dubai, akarudi na kamera isiyo na waya. Akaifunga juu ya mlango wa ghala lake, huko uchochoroni, picha ikawa inaonekana kwenye televisheni ya dukani. Tulimcheka sana. "Bwana we, umetuletea sinema ya paka!" Naye akacheka pamoja nasi. Mwaka huu akafariki, Mungu amrehemu.

MAFANIKIO

Bi Batul alipokaa eda, duka likafungwa, na wezi wakajaribu kuvunja ghala. Tukaona aibu. Mjane wa mtu aliyetugawia sabuni aibiwe, na sisi tupo? Tukaamua picha ile ifike kwa Uweso muuza kahawa, ambako walinzi wetu hukaa. Lakini mawimbi hayakufika. Kuta za mawe na mabati ya katikati yaliyameza yote, na kwenye televisheni ya Uweso tukawa tunatazama chenga tupu.

Timotheo, fundi redio wetu kutoka Maramba, akasema dawa yake ni kupanda juu. Kamera ihamishiwe kwenye paa la nyumba ya Bi Batul, ubavuni mwa ghala, na antena ndefu pembeni yake, ili mawimbi yapite juu ya mabati. Ilitupasa kumuuliza mwenye nyumba. Lakini mjane aliyeko edani, na kwa jamaa ya Bi Batul hasa, haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, wala hasemeshwi ovyo. Tukasema, jamani, tusimsumbue. Tukaegemeza ngazi kwa nje, tukapanda kimyakimya, na tukajiona watu wa heshima kweli.

Ilikuwa Ijumaa, watu wametoka msikitini, kwa Uweso pamejaa. Chenga zikatoweka. Watu wakapiga makofi: "Imetoka! Imetoka!" Mheshimiwa, hayo ndiyo mafanikio yetu, na yaliishia hapo hapo.

MATATIZO

Nusu ya kioo ilikuwa uchochoro. Nusu ya pili ilikuwa uani kwa Bi Batul. Amekaa kwenye kigoda, kichwa wazi, anaanika nywele zake juani. Na alikuwa analia. Kumbe kule kujikaza kwake tulikokuwa tukisimuliwa na wanawake kulikuwa kwa mbele za watu tu.

Uweso alivua koti lake akalitupa juu ya televisheni. Lakini macho yalikwishaona, na kabla ya magharibi habari ilikwishamfikia mwenyewe.

Mwanamkasi, mke wa Uweso, alikuja kutusimamia mbele, mikono kiunoni. "Kila asubuhi nampelekea uji, naingia na kutoka. Mlishindwa kunituma nikamuulize?" Wanaume wazima, tuna mwenyekiti, tuna katibu, tuna na muhuri, na jambo hilo halikutupitia kichwani!

Jioni ileile tulishusha kila kitu. Eda imekwisha, na Bi Batul hajatoka hadi leo. Wazee walikwenda kuomba radhi. Binti yake, Ummehani, akaja mlangoni, akawaamkia vizuri, akasema: "Mama anasema amesikia. Anasema wezi hawakuwahi kufika uani kwetu, ninyi mmefika." Kisha akafunga mlango taratibu. Sasa wanafunga mizigo. Jumapili wanahamia Mombasa kwa mjomba wa Ummehani.

MAOMBI

Tulikuwa tukuombe taa za barabarani. Hizo tutaziomba siku nyingine.

Leo tuna ombi moja. Wewe ni mwanamke, Mheshimiwa, mlango ule unaweza kuupita. Mwanamkasi atatangulia kukupigia hodi. Tunakuomba uingie, ukae naye, umwambie kwamba tunaona haya, na kwamba tunatamani abaki. Akisema anakwenda, hatutabishana naye, tutampakilia mizigo yake. Lakini asiondoke akidhani tulimchungulia kwa mzaha. Hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Mwenyezi Mungu akupe maneno laini huko ndani. Amrehemu Bwana Zainuddin, na amtulize moyo Bi Batul, awe hapa au awe Mombasa. Usiharakishe kutoka. Tutakungoja ng'ambo ya barabara, sote, migongo yetu ikiwa imeelekea nyumba yake.

Ni sisi,
Majirani wa Bi Batul, tuliokuwa tukijiita Kamati ya Ulinzi,
Mtaa wa Kisimani, Usagara, Tanga.