Sabuni ya Fatimah

Benchi iliyo karibu na mlango wa maduka makubwa ya Roseville, karibu na Saint Paul, iliwekwa kwa ajili ya watu waliochoka kununua, lakini Jumamosi asubuhi ina wenyewe. Nje theluji imefunika magari hata hayatambulikani. Ndani kuna joto la bure, na chupa ya kahawa ya tangawizi ya Salmin, ambaye wenzake humwita Waziri kwa kuwa hajawahi kukosa jibu. Pembeni yake ni Eliakim, wanayemwita Dakta, ingawa hospitalini kazi yake ni kusukuma vitanda. Katikati leo amekaa Shaaban, mapajani ana vipande vitatu vya sabuni ndani ya kitambaa cha jikoni. Ameipika mwenyewe kwa mafuta ya nazi na ya mzeituni, kimoja akakitia ndimu, kingine embe, kingine ukwaju. Mkewe Fatimah anawasili mwezi ujao kutoka Mombasa, baada ya kuingoja viza mpaka watu wakaacha kuuliza. Sabuni hutaka wiki kadhaa za kukauka, kwa hiyo leo sharti achague harufu moja, apike ya kumtosha. Anataka Fatimah akiingia bafuni siku ya kwanza asijione mgeni.

— Dakta, nusa tena hiyo ya embe.

Eliakim akafumba macho.

— Buda, hii ni Disemba kwa nyanya yangu, maembe yakigonga mabati usiku kucha. Chukua hii. Kule job kuna mzee haongei. Siku moja nikamenya chungwa kando ya kitanda, akaita bibi yake kwa jina. Pua iko na barabara yake, haipitii kwa akili.

— Hayo ya kwenu bara, — Waziri akamkatiza. — Fatimah mtilie ukwaju. Akitoka kuoga, hiyo theluji ataiona nazi iliyokunwa.

— Ataila? — Shaaban akauliza.

— Atatoka na bakuli.

Shaaban alimwona kabisa: Fatimah kwenye ngazi za nyumba, bakuli mkononi, akichota weupe na kuuonja kwa ncha ya ulimi. Hakuwa na haraka ya kuiacha picha hiyo.

— Na ndimu je? — akauliza baadaye.

— Ndimu twaoshea samaki, — Waziri akasema. Sikiza, Shaaban. Maji ya kuogea yaenda wapi?

— Kwa mtaro.

— Kisha?

— Misisipi.

— Basi. Mwezi mmoja tu, mto mzima wanukia ukwaju. Bata bukini wakinusa, wataona kusini kumewafuata huku. Hawahami tena.

— Na Saint Paul yote italala ikiota Mombasa, — Dakta akaongeza polepole. — Januari, watu wanaamka na jasho. Supavaiza wangu ana-drive kuja shifti amejifunga leso.

Wote watatu wakamtazama supavaiza yule akipita mawazoni.

Ukingoni mwa benchi palikuwa na mwanamke aliyekuwa akibadilisha viatu vya theluji. Akageuka.

— Samahani, ndugu zangu. Mimi ni Velma, nimehamia hapo Plymouth juzi. Nimesikia Kiswahili nikashindwa kuondoka. Sasa, yeye hupenda harufu gani?

— Nani?

— Mwenye kuoga.

Waziri alifungua mdomo, akaishia kunywa kahawa. Dakta akarudisha sabuni kwenye kitambaa.

Shaaban alijua jinsi Fatimah anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Aliijua sauti ya mlango wa nyumba yao. Lakini alisafiri mara tu baada ya harusi, na kila aliporudi nyumba ilijaa wageni. Bafuni kule alikumbuka ndoo ya buluu na kopo lililopasuka. Sabuni hakuikumbuka. Aliona haya, kisha akaogopa, kwa kuwa mwezi ujao atasimama uwanja wa ndege kumpokea mtu asiyemjua vizuri.

Akatoa simu, akapiga.

— Shaaban? Niko bafuni. Nipigie baadaye.

Maji yalikuwa yakimwagika kwenye ndoo.

— Usikate. Hapo waoga kwa sabuni gani?

Mfereji ukafungwa. Akasikia kikohozi kidogo.

— Miaka yote hii, leo ndiyo waniuliza?

— Leo.

— Basi ngoja nipanguse mikono, nikwambie.

Shaaban akakifunga kitambaa juu ya vile vipande vitatu, akangoja.