Boneti ya Mzee Orville

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupuliza rangi katika gereji yetu hapa Bakersfield, Mzee Orville Stubblefield anastaafu leo, Ijumaa tarehe 14 Juni. Tangu majira ya baridi mkono wake wa kulia unatetemeka, na fundi rangi bila mkono hana kazi.

Wengine hung'arisha magari. Orville alisifika kwa nyeusi isiyong'aa, na hiyo, jamani, haina msamaha. Rangi ya kung'aa ukiikosea utaipiga msasa na polishi, yaishe. Yake ukiikosea, unarudia bati zima. Alimwagia sakafu maji vumbi litulie, na mlangoni alibandika onyo: "Umekula burito? Mikono ina mafuta, kaa huko huko!"

Gari lake mwenyewe, Ford ya mwaka 1950, lilisubiri miaka kumi na moja, kwa kuwa la mteja lilitangulia daima. Alimwahidi mkewe, Earlene, kwamba siku ya kustaafu wangelipanda hadi baharini. Machi, mkono ungali unamtii asubuhi, alilimaliza: jeusi kama ubao wa darasani uliofutwa vizuri.

Jumanne, mfanyakazi mmoja alitaka kumpa mzee zawadi. Akawahi kazini, akaisugua boneti kwa nta saa mbili nzima, mpaka ikametameta. Mpumbavu huyo ni fundi wa viti vya magari, Esteban Arriaga, ambaye ndiye anayeandika haya.

Orville alivua kofia. "Esteban, miaka tisa uko hapa, ulikuwa unaangalia nini?"

"Nilitaka kukufurahisha, mzee."

"Basi nimefurahi. Shika msasa."

Tuliisafisha nta, tukapiga msasa siku nzima. Kisha akanipa bunduki yake ya rangi, ambayo hajawahi kumwazima mtu. Niliogopa kweli. Alisimama nyuma yangu, kanishika kiwiko kwa mkono ule ule unaotetemeka. "Usisimame. Pita tu. Pita."

Imekauka, na haing'ai. Pembeni tu pamebaki kipande cha nta tulichokiruka, kinang'aa, ukubwa wa kiganja hivi. Nilipotaka kukifuta, alinikataza: "Acha hapo. Earlene atajitazamia akipaka rangi ya midomo."

Mzee, asante kwa yote. Wewe na Mama Earlene mfike baharini salama, mle samaki, mpumzike. Bunduki nimeiosha, nimeitundika msumarini pako.