Mbadala wa Mshenga

Benchi la kahawa la Bi Shamimu, pale Nzuguni, halikosi wataalamu wa mambo yasiyowahusu, ila asubuhi hii lilikuwa na jambo lenye mwenyewe. Gabrieli, kijana anayeandika programu za kompyuta, alishika kikombe asinywe. Mjomba wake, ambaye ndiye mshenga, alikuwa amekaukiwa sauti, na kesho baba yake Lydia, binti atakayeposwa, anawangojea Kongwa. Alitakiwa mbadala, tena leo hii.

Spika, mstaafu aliyepewa jina hilo kwa wingi wa maneno, alijitolea kabla hajaombwa.

— Mjomba wako anajua salamu na mahari, basi. Mimi nitawamwagia maneno mpaka wachoke. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Methali ilimgeuka mwenyewe, asijue. Gabrieli akatabasamu kidogo, akaeleza kwamba kazini kwake programu mbili zikizungumza hupeana zamu, hii iseme, ile isikilize. Ukitaka kubadilisha moja bila kuivuruga ya pili, ipo kanuni.

— Mbadala aweza kuelewa mengi kuliko wa kwanza, ila asiseme ambalo wa kwanza asingelisema. Wewe, mzee wangu, utaahidi ng'ombe tusiokuwa nao.

— Basi apelekwe asiyesema kabisa, alidakia Injinia, fundi bomba wa mtaa.

— Wao watangoja aseme, naye atangoja waseme, alijibu Gabrieli. Tutakesha huko.

Injinia hakukata tamaa. Alishauri mjomba aandike maneno yake kwenye simu, halafu simu iyasome kwa sauti mbele ya wakwe. Gabrieli akasema simu itayatamka yote sawasawa, lakini haitasikia hata moja. Spika akanong'ona kwamba washenga wa namna hiyo wamejaa tele, na benchi zima likacheka.

Hapo ndipo Witness, muuza mchicha aliyepitia kununua kahawa, alipowaamkia wazee na kuuliza taratibu:

— Wakisema binti hataki, mjomba angejibu nini?

Spika alijifanya anapuliza kahawa iliyokwisha poa. Gabrieli aliingiwa na hofu. Alimfundisha mjomba kila neno la kusema, lakini la kusikia alimwandalia moja tu, ndiyo. Na Lydia mwenyewe, Gabrieli alikuwa hajamuuliza.