Amyn Madatali, Kocha Aliyekubali Kuangushwa

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika kituo chetu cha michezo hapa North York, Bwana Amyn Madatali anastaafu leo, tarehe 26 Juni 1998. Wageni wanamjua kama msimamizi wa viwanja, yule anayefukuza watu wasikanyage nyasi. Sisi tunajua makubwa zaidi.

Ujanani, mzaliwa huyu wa Kisumu alicheza ragbi ya wachezaji kumi na watatu kaskazini mwa Uingereza, na pua yake haijarudi mahali pake tangu hapo. Alipohamia Toronto aliapa kwamba ragbi basi. Kisha mwaka 1993 Nargis wa ofisini akamweleza kwamba timu mpya ya ragbi ya wanawake haina kocha, na uongozi umeipa msimu mmoja tu: ikimaliza bila kushinda hata mechi moja, inafutwa. Amyn alisema atafikiria. Kesho yake alifika uwanjani kabla ya wachezaji.

Akina dada walijifunza upesi kukimbia na kupeana pasi. Tatizo lilikuwa adabu, maana katika ragbi mwenye mpira huzuiwa kwa kuangushwa chini. Wengi walikuwa mabinti wa familia kutoka Bukavu, Bujumbura na Dar es Salaam, waliolelewa kutompita mkubwa bila kumwamkia, sembuse kumvamia kiunoni! Timu ya Pickering ilikuwa na mama mmoja wa umri wa kuwazaa, na kila alipokuja na mpira walimpisha njia. Carmel, beki wetu, ambaye kazi yake ya mchana ni kuwashika wazee wasianguke, alimwambia kabisa, "Pole, mama." Tulifungwa mechi baada ya mechi hadi nikaona haya kutazama.

Anko Amyn hakugomba. Siku ya mazoezi alivaa jezi, akashika mpira, akasimama mbele yao, mzee wa miaka sitini, akawaamuru wamwangushe. Hakuna aliyethubutu.

"Heshima si utumwa," akawaambia. "Anayeniheshimu, aniangushe vizuri."

Carmel alianza kulia, kisha akamrukia. Niliposikia kishindo nilishika kichwa, nikajua tumeua mtu wa watu. Amyn aliinuka na matope mdomoni, akamrekebisha Carmel mkono, akaita anayefuata. Walimwangusha wote, mmoja mmoja. Sijaona ujasiri wa namna ile maishani mwangu.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Pickering tena. Tukiongoza kwa pointi mbili, dakika zikiisha, yule mama alichomoka mbio kuelekea mstari wetu, na mbele yake alibaki Carmel peke yake. Carmel alimdaka miguu, wakaanguka pamoja, kipenga kikalia. Ndipo akamwinua, akamfuta matope, akamwamkia kwa mikono miwili.

Timu haikufutwa. Leo ina wachezaji wa kujaza vikosi viwili, na kuanzia Jumatatu kocha wao ni Carmel.

Anko Amyn, asante kwa subira yako, na kwa mgongo wako. Mungu akupe afya, wewe na mkeo, Mama Tazmin, na kila siku ya mapumziko yako iwe njema. Umeanguka vya kutosha kwa ajili yetu. Sasa kaa kitako.