Shimo Lililo Chini ya Kitanda Changu

Sogeeni, wanangu, na aliyeshika simu aifunike, maana baba yenu anakufa mara moja tu na hana mpango wa kurudia. Kifungua mimba, kaa miguuni. Binti yangu wa maabara, kaa hapa kichwani na glasi ya maji. Na wewe kitinda mimba, viweke chini hivyo vigingi vya kisima ulivyobakiza, kwa sababu vile ulivyokwisha kupiga uani ndivyo vilivyonifanya niwaite kabla sijamaliza uji.

Mnanijua. Niliacha shule darasa la nne na mwalimu akashukuru, lakini wahandisi wa kiwanda cha kusafisha mafuta, wenye vyeti virefu kuliko suruali zao, walipofungua matangi wakakuta chini tope jeusi, zito, linalonuka kama dhambi ya mwaka juzi, walimwita nani? Mimi! Nikalipasha moto taratibu, nikatia maji na dawa ya kutenganisha, nikalikoroga kwa kasia kama anayemkorogea mgonjwa uji, nikaliacha litulie siku tatu. Mafuta yakapanda, maji yakabaki katikati, mchanga ukazama. Mafuta nikawarudishia wenyewe, maji nikayachuja, na masalia nikayachanganya na samadi na maranda ya mbao, nikawa nayageuza kila wiki hadi vijidudu vikatafuna mafuta yaliyobakia, ndipo yakaingia kwenye udongo wa matofali. Kuta hizi mnazoziegemea zilikuwa tope. Mji mzima nimejigamba kwamba sikuacha hata tone ardhini, na anayebisha ajitokeze.

Basi amejitokeza, naye ni mimi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imenichukua miaka arobaini. Kifungua mimba, wewe ulikuwa unatambaa. Fundi mwenzangu mmoja, yule tuliyemwita Kidomo, alitamba kwamba atamaliza tangi lake kwa siku tano, nami nikaona nitamaliza langu kwa mbili: nikalifunga lile kasia kwenye injini ya pikipiki. Lilizunguka, wanangu, hata kunguru walihama! Nilipozima, tope lilikuwa limegeuka mtindi mweusi, mafuta yamekumbatia maji, maji yamekumbatia mafuta, wala hayaachani. Nikangoja siku tatu, wiki, mwezi. Wapi! Badala ya kusema nimeshindwa, nikachimba shimo uani hapa nyumbani, nikalisomba tope lote nikalimwaga humo, nikaziba kwa zege, na juu yake nikajenga chumba hiki. Ndiyo maana kitanda hiki hakijawahi kusogezwa, na kila aliyetaka kufagia chini yake nilimfukuza.

Siku moja akaja mkaguzi, tulimwita Pua. Nikajilaza hapa, nikajifanya mgonjwa. Akasimama mlangoni, pua juu kama mbuzi anayenusa mvua, akauliza, "Fundi, harufu gani hii?" Nikamnong'oneza, "Bwana, ni mama mkwe wangu. Tumbo." Pua akaomba radhi akaondoka. Lakini mama mkwe alikuwa sebuleni na masikio yake mazuri. Chai yake haijapoa, alishafunga mzigo, na hakukanyaga tena nyumba hii mpaka kaburi. Mlikuwa mnaniuliza kwa nini kwa bibi yenu mimi huishia getini. Haya, ndiyo hayo.

Mama yao, teremsha hiyo ndala, sijamaliza.

Wosia wangu ni huu. Kiwanja ni chenu nyote watatu. Kifungua mimba, najua una mnunuzi mfukoni; mwambie angoje, hatumuuzii mtu sumu tukamtakia heri. Kitinda mimba, vigingi vyako umevipiga hatua sita kutoka mto wangu wa kulalia. Hapo wajukuu wangu watakunywa nini? Heri nife nimeumbuka kuliko nizikwe kwa sifa huku nawanywesha watoto. Ng'oa. Usichimbe popote kabla dada yako hajapima udongo na maji. Wewe binti, nakuachia matangi yangu ya kutulizia tope, kasia na pipa la kugeuzia masalia. Litoe tope lote, ulitibu, na asikuharakishe mtu, hasa mwenye pikipiki.

Na kabla hamjanifukia, piteni kaburini kwa bibi yenu, mseme kwa sauti: haikuwa wewe.

Mbona unacheka, mama yao? Nini? Tangu lini? ... Msikieni mama yenu! Anasema tumbo la mama yake analijua na harufu ya tangi anaijua, na miaka arobaini amelala hapa ubavuni mwangu akingoja niseme mwenyewe. Miaka arobaini! Nami najiita fundi wa kusubiri tope litulie.

Nipe maji, binti. Kidogo... basi.

Sasa nyanyueni kitanda, nami nikiwa juu yake. Msinitazame hivyo, mimi ni mwepesi siku hizi. Nisogezeni dirishani. Kitinda mimba, lete tindo na nyundo, uanze. Nataka nisikie zege likipasuka kabla sijaondoka. Eeh... hapo. Piga. Mikono yenu ibarikiwe, wanangu. Visima vyenu viwe vitamu, nyumba zenu zinuke sabuni... mpendane, mwambiane mapema. Mama yao, shika hapa... hapa.

Tope limetokea, eh? Naisikia harufu yake. Binti... likoroge... polepole. Nimesema polepole...