Mungu Aliitetea Mifupa Yangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnaniona nimesimama bila kushikwa na mtu? Hata nikikaa sasa hivi, ushuhuda umeshatolewa. Lakini sikai!

Mimi ni Mama Aikande, wa huku huku Uru. Wanaonijua wanajua nilikuwa mtu wa kazi. Nilikata majani ya ng'ombe, nikapalilia kahawa, nikashuka sokoni Moshi na mkungu wa ndizi kichwani, na jioni nikaenda kwaya. Kisha nguvu zikaanza kuniisha. Mifupa iliniuma, kiu haikukatika, tumbo lilifunga, na mawe ya figo yakawa yananiangusha chini nikilia. Nikawa nakaa mgombani natoa machozi bila sababu. Siku moja nikainua ndoo, mkono ukavunjika. Ndoo tu, ndugu zangu!

Yakasemwa mengi. Wengine walisema nimerogwa. Wifi yangu Ndeshi, muuza mitumba wa Pasua kule mjini, akasema, "Wifi, mifupa yako imekosa kalsiamu." Kila alipopanda kutuona alileta supu ya makongoro ya miguu ya ng'ombe, na vidonge vya kalsiamu kutoka duka la dawa. Alinipenda, nami nikavimeza. Nikazidi kudhoofu!

Nikamlilia Mungu: "Baba, niponye, au basi nionyeshe ninaumwa nini." Akanionyesha! Mawe yaliponikamata tena, mume wangu na wifi wakanipeleka hospitali mjini. Daktari, binti mdogo tu, akasema lazima damu ipimwe ijulikane mawe yanatoka wapi. Majibu yalipokuja akakaa karibu nami.

"Mama, kalsiamu haijakupungukia. Imejaa kwenye damu kupita kiasi." Akanigusa shingo. "Hapa kuna vitezi vinne vidogo. Kimoja kimevimba, kinainyang'anya mifupa yako kalsiamu na kuimwaga kwenye damu. Vile vidonge viache leo."

Wifi akatazama dari.

Nikauliza, "Hakuna majani ya kuchemsha, mwanangu?"

"Hakuna majani ya kukiponya kitezi hicho, mama. Kinatolewa kwa upasuaji. Lakini wakati tunasubiri, kunywa maji mengi, punguza chumvi, na utembee. Ukilala kutwa, mifupa inazidi kuliwa. Maziwa kunywa kwa kiasi, usiyakimbie."

Basi wifi akafunga biashara, akahamia kwetu. Asubuhi alikuwa ananigongea dirisha: "Inuka, wifi! Twende!" Tukatembea polepole kati ya kahawa, yeye na dumu la maji ya kuchemsha, mimi na fimbo. Mwanzoni niliishia kwa jirani. Baadaye nikafika kanisani! Tumbo likafunguka, uso ukachangamka, nikaanza kucheka tena. Sikupona, nisiwadanganye. Lakini nilipata nguvu ya kukabili kisu.

Na kisu nilikiogopa! Daktari alinieleza kwamba sauti inaweza kuguswa, maana mshipa wake unapita jirani na kitezi. Nikalia: nitamwimbia Mungu na nini? Mume wangu akanishika mkono akasema, "Mama Aikande, hata ukinong'ona nitakusikia." Ndugu zangu, mlifunga na kuniombea, najua. Nikaingia chumba cha upasuaji nikiwa na amani ambayo sijui niieleze vipi.

Nilipozinduka nikaita, "Baba Aikande!" Sauti ilikwaruza kama mlango wa zizi, lakini ilitoka! Haleluya! Mzee wa watu akaja analia mbele ya manesi wote. Damu ikapimwa, kalsiamu imeshuka. Tena ilishuka mno, mifupa ikiivuta kujijaza upya, hadi daktari akaniandikia, mtaamini? Vidonge vya kalsiamu, kwa muda! Wifi akapiga kelele wodini, "Si nilisema mimi!" Nesi akamtoa nje, na mimi nikacheka hadi mshono ukauma.

Leo napalilia, nabeba majani, nalala usingizi wa mtoto. Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi, namshukuru yule binti na mikono ya waliompasua mama yenu.

Wewe unayeumwa mifupa, unayeambiwa umerogwa, unayemeza hiki na kile kwa kubahatisha, mtumaini Bwana! Na ukimtumaini, nenda ukapimwe, kwa maana majibu yake mengine huja yamevaa koti jeupe. Unaogopa kwenda peke yako? Jumatatu asubuhi mimi na wifi tutakuwa hapo kwenye geti la kanisa, tumevaa raba. Tutakusindikiza hadi mjini, kwa miguu, tukiimba!