Jani la Meza ya Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, leo sitakaa. Fundi mitambo ananionyesha kiti kwa kidole, nami nimemkatalia. Nimesimama na karatasi zangu mkononi. Mwanamke tunayemkumbuka leo hakuwa mtu wa kukaa, na nikimzungumzia huku nimejiegemeza nitaona haya.

Jina lake Sornam. Sornam binti wa Rengasamy, wa mtaa wa Buntong, hapa hapa Ipoh, Malaysia. Najua wengi wenu jina hilo mnalisikia leo. Ninyi mnamjua Akka. Dada mkubwa. Watamil walimwita Akka, Wachina walimwita Akka, hata wazee waliomzidi umri walimwita Akka, naye akaitika. Amefariki akiwa na miaka sitini na saba. Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, mgahawani kwake, akiwa juu ya miguu yake. Narudia, alikuwa juu ya miguu yake. Alikuwa anaelekea meza ya dirishani.

Kama uliwahi kula kwake, mgongo wako unamkumbuka kabla ya ulimi. Unakaa. Jani la mgomba linatandikwa mbele yako. Wali unamwagwa, dengu, karela chungu, biringanya, achari pembeni. Hujameza tonge la kwanza, Akka keshapita nyuma yako mara mbili.

"Karela umeiacha. Unaumwa?"

"Hapana, Akka, naiweka ya mwisho."

"Ya mwisho ni mtindi. Kula karela."

Mimi mwenyewe aliniambia hivyo mwaka juzi, mbele ya bosi wangu. Nikala karela.

Lakini Akka hakuwa anatazama nyuso. Mtu aliweza kuingia amevimba macho kwa kilio, Akka asimwone. Alitazama majani. Ukimaliza kula, kabla mtumishi hajanyoosha mkono kuliondoa jani lako, Akka alikuwa ameshafika kulitazama. Siku za Jumanne na Ijumaa, nusu ya mtaa huu ikiwa haigusi nyama na foleni imefika duka la maua, alitazama majani mia tatu. Kiguu na njia, jikoni mezani, mezani jikoni. Daktari alimwambia apumzike. Binti yake wa pekee, Yogeswari, akamnunulia kiti chenye mto, akakiweka meza ya dirishani. Akka akashukuru sana. Kisha akapanga majani ya mgomba juu yake.

Mnajua wenyewe, lakini nasema kwa ajili ya kijana anayetusikiliza huku anakula kwenye boksi la plastiki. Ukishiba, jani unalikunja kuelekea kwako. Maana yake asante, nitarudi. Jani likikunjwa kwenda mbele, likakupa mgongo, hilo ni jani la matanga. Linakunjwa hivyo kwenye chakula cha msiba, ili jambo hilo lisirudi tena nyumbani humo. Kuelekea kwako, asante. Kwenda mbele, matanga.

Mzee Foong hakujua. Mzee Foong ni fundi saa aliyestaafu, Mchina wa mtaa wa pili, ambaye hali nyama tarehe mosi na tarehe kumi na tano za mwezi wao. Siku yake ya kwanza alikula vizuri, akafuta mdomo, akakunja jani kwenda mbele, nadhifu kabisa. Akka alivuka ukumbi kama mtu anayewahi sufuria inayomwagika.

"Mzee, nani amekufa?"

Mzee Foong akageuka nyuma. "Wapi?"

"Hapa! Kwenye jani lako. Umenikunjia la matanga."

"Dada, mimi nimekunja tu. Kwetu hatuna mambo haya."

"Sasa uko kwangu. Likunjue. Haya, livute kuelekea tumboni. Tumbo si unalo? Halijifichi hilo."

Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Akka hakucheka. Alisimama pale pale mpaka mzee wa watu alipolikunja upya, ndipo akashusha pumzi. Mzee Foong anasema hakuelewa kwa nini jani limtie hofu mtu mzima kiasi kile.

Nitawaambia kwa nini. Subirini, nigeuze karatasi.

Mgahawa ule ulikuwa wa baba yake, Mzee Rengasamy. Wakati huo haukuwa wa mboga. Ulikuwa wa mchuzi wa mbuzi, na mpishi wa mbuzi alikuwa Kathiresan, kaka yake Akka, mkubwa wake kwa miaka mitano. Kaka anapika, dada anahudumia. Watu walikuja kutoka Taiping kwa ajili ya mchuzi ule. Kaka na dada wakitaniana kutwa nzima kupitia kidirisha cha jikoni.

"Kaka, meza ya pili wanasema mbuzi wako alikuwa babu."

"Waambie wameze, babu hatafunwi!"

Kisha Yogeswari akaugua. Alikuwa na miaka tisa, homa haishuki, madaktari hawamwangalii mama usoni. Akka alikwenda hekaluni akaweka nadhiri kwa mungu Murugan: mtoto akipona, nyama haitaingia tena jikoni mwangu. Mtoto akapona. Mzee Rengasamy akasema, "Mimi nikiwa hai, mbuzi atapikwa. Nikifa, pika hata nyasi." Akka akasubiri miaka saba. Yeye mwenyewe aliacha nyama siku ile ile, akawa anawapakulia watu mbuzi huku ameshikilia nadhiri yake rohoni.

Mzee akafariki. Siku ya kumi na sita ilipofika, familia ikala chakula cha kumaliza msiba, mle mle mgahawani. Kesho yake asubuhi Akka akatoa nje masufuria ya nyama. Hakumwuliza kaka yake. Alimwambia tu.

Na mchana wa siku hiyo ukumbi ulijaa watu waliokuja kuona kioja. Kathiresan naye akaja. Akakaa meza ya dirishani. Akka alikuwa amepika fenesi bichi kwa viungo vile vile vya mbuzi wa baba yao, na alichungulia kupitia kidirisha, roho mkononi. Kaka akala. Akaongeza. Akaongeza tena. Akalamba kidole. Kisha akalikunja jani kwenda mbele.

Wasikilizaji wapendwa, kwenda mbele. La matanga. Mbele ya ukumbi mzima, siku ya kwanza ya mgahawa wake.

Akka akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Umenizika, Kaka? Mbele za watu umenizika?"

Kathiresan akalitazama jani. Akamtazama dada yake. Kila jicho lilikuwa juu yake.

"Ndiyo," akasema. "Nimekuzika."

Akaondoka. Miaka ishirini na miwili hakukanyaga tena mlango ule. Ishirini na miwili.

Alifungua kibanda chake cha mbuzi upande wa pili wa mji. Kila Jumapili jioni Akka alikuwa anatoka kutembea. Mara moja Yogeswari alimfuata, akamkuta amesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya kile kibanda, mwanamke asiyegusa hata yai ananusa moshi wa nyama.

"Mama, unatafuta nini hapa?"

"Kivuli."

"Jua limezama, Mama."

"Basi nimekipata. Twende."

Yogeswari ameniambia hivi: "Mama hakutaka aombwe radhi. Alitaka Mjomba aje ale, alikunje jani kuelekea kwake. Basi. Kila jani alilotazama, alikuwa anatafuta hilo moja."

Hakuvuka barabara ile. Najua mnanikasirikia kwa niaba yake, na mimi namkasirikia. Hatua kumi na tano! Mwanamke aliyetembea kilomita nzima kabla ya saa sita kati ya jiko na meza, hatua kumi na tano zilimshinda.

Sasa nirudi kwa Mzee Foong, maana nimemwacha na tumbo lake. Baada ya siku ile ya jani alinogewa, akawa mteja wa kila Ijumaa, hata siku ambazo si tarehe zake. Alikula, kisha akabeba pakiti moja, wali na mboga ndani ya jani, gazeti juu, limebanwa kwa mpira.

"Hii ya nani?" Akka alimwuliza.

"Ya paka."

"Paka wako anakula achari?"

"Paka wangu amekulia Buntong. Anakula kila kitu."

"Mwambie fenesi la leo limekolea."

Miaka tisa Mzee Foong alibeba pakiti ya paka. Na jambo moja Yogeswari alilikumbuka juzi tu: pakiti zote zilifungwa na watumishi, lakini ile ya paka Akka aliifunga mwenyewe. Aliongeza fenesi mpaka jani likagoma kufungika.

Jumanne ile ya mwisho, mteja mgeni alikuwa amekaa meza ya dirishani, amemaliza kula, mkono wake uko kwenye jani. Akka akaanza safari. Hakufika. Watumishi walimdaka kabla hajagusa sakafu, naye keshaondoka.

Siku ya kumi na sita, wasikilizaji wapendwa, nilikuwepo. Meza zimeunganishwa, majani yametandikwa, Yogeswari amepika kila kitu mwenyewe. Wali ukiwa unapakuliwa, mlangoni akasimama mzee wa miaka sabini na miwili, nywele nyeupe, shati limepigwa pasi. Mwiko ukasimama hewani. Hapakuwa na nafasi popote isipokuwa kwenye kile kiti chenye mto. Yogeswari akaondoa rundo la majani.

"Kaa, Mjomba."

Kathiresan akakaa. Akala fenesi taratibu, macho chini. Tukamaliza. Tukakunja majani yetu kwenda mbele, kama inavyotakiwa msibani, mmoja baada ya mwingine. Kathiresan akalishika jani lake kwa mikono miwili, akalivuta, akalikunja kuelekea kifuani.

Shangazi Valli, dada wa marehemu baba yao, ana miaka tisini lakini sauti yake ina ishirini. "Kathiresan! Una wazimu? Unakiita kifo kirudi nyumba hii?"

"Mwacheni," Yogeswari akasema.

"Nimwache vipi? Hata kukunja jani hajui!"

"Sijui, Shangazi," mzee akasema. "Ndiyo shida yangu. Siku ile mkono uliniponza. Jana yake tulikuwa tumekula matanga ya Baba, meza hii hii, nikakunja kwenda mbele. Kesho yake nimekula, nimeshiba, namwaza Baba, mkono ukarudia ulichofanya jana. Sikuona mpaka Sornam aliponipigia kelele."



"Si ungemwambia, Mjomba."

"Watu walikuwa wananitazama. Nikasema lile neno. Ukishasema neno kama lile, unarudi kusema nini? Kwamba mkono ulikosea? Nani angeamini?"

"Mama angeamini."

Kathiresan akafunika uso. Hapo Mzee Foong akainuka upande wa pili wa meza, ameshika kofia. "Naomba radhi kwa familia," akasema. "Paka ni huyu."

Nusu ya watu walicheka, kisha wakajikuta wanalia.

"Kila Ijumaa rafiki yangu huyu ameniletea chakula cha Sornam, nikala," Kathiresan akasema. "Kila Ijumaa nimelikunja jani kuelekea kwangu, nyumbani kwangu, mlango umefungwa. Nilitaka mara moja nilikunje hapa, mahali anapopita."

Akka alijua paka ni nani? Mimi nadhani alijua. Yogeswari anasema hapana, angejua angebomoa mlango wa kaka yake kwa mwiko. Tumebishana wiki nzima, na wa kutuamua hayupo.

Sisi sote hapa studioni tunakupa pole, Yogeswari. Pole Shangazi Valli, pole watumishi mliomdaka. Pole Mzee Foong, uliyebeba siri nzito kuliko pakiti. Na pole sana, Kaka Kathiresan. Murugan amlaze Akka pema, na huko aliko apatiwe kiti, akikatae.

Nanyi mnaonisikiliza, nawaomba jambo moja. Kama kuna mtu alikukunjia jani vibaya, usimtafute kwenye majani ya watu wengine. Nenda kamwulize yeye. Na kama mkono wako ndio uliokosea, sema leo, hata kama ukumbi mzima unakutazama.

Ijumaa iliyopita mgahawa ulifunguliwa tena. Mzee Foong hakubeba pakiti. Kathiresan alikaa meza ya dirishani, akala, akaongeza, akala karela yote. Akalikunja jani kuelekea kwake. Mtumishi aliponyoosha mkono kuliondoa, mzee akamzuia.

"Subiri kidogo," akamwambia.

Akakaa pale, jani mbele yake, anatazama mlango wa jikoni.